Fundi na Feni ya Gari la Kliniki

Mpanda ya wakati ule, ukisema "Fundi" bila kuongeza neno lingine, kila mtu alijua unamsema nani. Mafundi wengine walikuwepo, wa cherehani, wa kuezeka, wa redio, wa baiskeli, na wote walikuwa na heshima zao, lakini hao ilibidi uwataje na kazi zao. Yeye alikuwa Fundi tu. Hata mke wake alimwita hivyo. Siku moja nilimsikia akimwita kutoka mlangoni, "Fundi, ugali unapoa," kama vile anamwita mtu aliyekuja kutengeneza mlango.

Nilihamishiwa Mpanda katikati ya miaka ya sabini, nikiwa nesi kijana, sanduku langu moja begani mwa mchukuzi. Nilimkuta yeye tayari ni mtu mzima, mvi zimeanza pembeni mwa masikio, tumbo limetangulia kidogo. Alitokea wapi, ufundi alifundishwa na nani, sikuuliza na yeye hakusema. Karakana yake ilikuwa nyuma ya stesheni ya reli: nguzo sita, bati zenye matundu ya misumari ya zamani, na shimo la kuingilia chini ya gari, kingo zake zimezuiwa kwa mbao nene zilizong'olewa relini. Jua la saa sita lilipita kwenye yale matundu ya bati na kumtawanyia vidoa vya mwanga mgongoni, na kila alipoinama vile vidoa vilitembea naye.

Hakufungua boneti mpaka amesikiliza. Dereva alisikilizwa kwanza, halafu tajiri mwenye gari kama yupo, kila mmoja peke yake, mwingine amesogezwa mbali kule kwenye matangi ya maji ya stesheni. Niliwahi kumuuliza kwa nini.

"Dereva atanidanganya kwa sababu anaogopa tajiri," alisema. "Tajiri atanidanganya kwa sababu hajui. Nikiwachanganya napata nusu ya ukweli. Nusu nyingine iko kwenye injini."

Ndipo alipochukua mpini wa jembe uliokatwa, akauweka ncha moja kwenye chuma na nyingine sikioni, akafumba macho. Kwa mpini ule aliweza kukuambia beringi ipi inakufa na ipi ina miezi mitatu. Madereva wa malori ya tumbaku walikuwa wanashindana kumdanganya. Mmoja aliwahi kulegeza nati moja makusudi akaleta lori akisema anahisi breki hazishiki. Fundi aliweka mpini, akasikiliza, akamwambia, "Kaza ile nati uliyoilegeza, halafu uende zako. Nina kazi."

Lakini Jumapili, mtu huyohuyo alikuwa anaimba kwaya, sauti ya chini, na hakuwahi hata mara moja kuipata sauti yenyewe. Alipita juu yake, alipita chini yake, alianza kabla ya wenzake na kumaliza baada yao, uso umejaa furaha. Mwalimu wa kwaya alimhamishia pembeni karibu na ngoma, akitumaini ngoma itamfunika. Haikumfunika. Aliimba kwa moyo wote, mikono amekwisha kuisugua kwa majivu na mafuta ya taa tangu Jumamosi mchana hadi imekuwa myeupe kuliko ya kwangu, na shati lake halina hata alama moja ya grisi.

Kuna mengine ambayo mgeni hakuyaamini mpaka ameyaona. Fundi hakujua kuendesha gari. Magari yalisukumwa kuingia karakana na kusukumwa kutoka, au dereva aliendesha huku yeye anaelekeza kwa mikono. Zaidi ya hapo, akipanda gari likienda hata kilomita tano, alitapika. Safari zake zote alikwenda kwa baiskeli au kwa miguu. Masika moja wakulima wa Mwamkulu walikwamiwa na mashine yao ya kukoboa mpunga. Aliwatukana waliomfuata, akawaambia hawana akili, wanaitesa mashine kama mtu anayemchukia punda wake, halafu akabeba mfuko wa spana na kutembea nao kwenye matope mpaka huko. Alirudi kesho yake, tope limefika magotini, anatabasamu.

Pia aliogopa sindano. Mtu aliyeweza kushika chuma cha moto akaendelea kusimulia hadithi yake, aliwaleta watoto wake kliniki na kusimama nje, mgongo ameugeuzia mlango, macho yake yakitazama barabara mpaka kilio kiishe.

Na hakukosea. Hapo ndipo nilipotaka kufika. Alikuwa na msemo wake mmoja: "Mkono huu haurudii kazi." Gari likirudi, tatizo lilikuwa dereva, au mafuta machafu, au barabara, au mtu aliyelipakia kupita kiasi. Mkono wa Fundi haukuwemo kwenye orodha. Na kwa kuwa mara nyingi ilikuwa kweli, watu walikubali hata pale ambapo haikuwa kweli.

*

Misheni tuliyofanya nayo kazi ilikuwa na gari moja la ajabu. Lilikuwa gari la wazungu la kutembelea na kulala, limezeeka huko Ulaya kabla ya kutumwa kwetu kama zawadi. Ndani lilikuwa na vitanda viwili vya kukunja, kabati, sinki dogo, jiko la gesi lisilo na gesi, na mapazia ya maua. Sisi tuliligeuza kliniki. Kitanda kimoja tuliwapimia akina mama wajawazito, kingine tulipanga dawa, na mizani ya watoto tuliining'iniza mlangoni. Vijijini waliliita Nyumba. "Kesho Nyumba inakuja," walitangaziana, na asubuhi yake tuliwakuta wamejipanga na watoto migongoni.

Injini ya Nyumba haikuwa mbele kama ya lori. Ilikaa ndani, kati ya kiti cha dereva na cha abiria, imefunikwa kwa kifuniko cha bati, kwa hiyo joto lake mlisafiri nalo. Dereva wetu alikuwa Leonsi, Mfipa mpole mwenye watoto wawili wadogo, mtu wa kuliosha gari kila siku hata kama halikwenda popote. Wa tatu wetu alikuwa Mama Anjela, mhudumu aliyepima watoto uzito na kuwachekesha wasilie, mwanamke mnene, mwenye mdomo mwepesi kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi.

Wakati wa kipupwe pampu ya maji ya lile gari ilianza kuvuja. Fundi aliifungua, kifaa kikaja na treni kutoka Tabora, akakifunga, ikapona. Hatukulifikiria tena jambo hilo. Ilikuwa miezi ya baridi, na safari zetu zilikuwa za karibu, njia tambarare.

Kipupwe kikaisha. Likaja lile jua la kabla ya mvua, majani yamekauka, mchanga unachoma miguu, na Nyumba ikaanza kuchemsha. Kila tulipopanda kilima taratibu, mshale wa geji ya joto ulipanda nao, halafu mvuke ukatoka kwenye pembe za kifuniko, na Leonsi akasimama pembeni. Tulisubiri injini ipoe, tukaongeza maji, tukaendelea. Fundi alitoa thamostati, kile kifaa kinachofungulia maji njia injini ikipata moto. Likachemsha. Aliosha rejeta, panapopozwa maji, mpaka yakatoka meupe. Likachemsha. Alibadilisha mpira wa maji, akakaza mkanda wa feni. Likachemsha.

Mara ya nne alimwambia Padre, mkuu wa misheni yetu, mbele ya Leonsi, "Gari ni zima. Dereva ndiye anayeliua. Analibana kwa gia kubwa kwenye kilima, maji haangalii. Mkono huu haurudii kazi."

Leonsi hakuwa mtu wa kubishana. Alitazama chini. Neno lilizunguka mji wote, na mkewe alilikuta mbele yake bombani alipokwenda kuchota maji.

Kisha ikaja safari ya Usevya, upande wa Mpimbwe. Surua ilikuwa imeingia vijiji vya huko, na tulikuwa tumebeba chanjo kwenye kasha la barafu. Chanjo ile ikipata joto imekufa. Unamchoma mtoto maji matupu. Tulipita Sitalike vizuri. Tulipoingia msituni, kwenye mchanga, geji ikapanda, na mbung'o wakatuvamia. Mbung'o wa msitu ule hawabishi hodi. Tulifunga madirisha yote.

"Nesi," akasema Leonsi, "nafungua hita."

"Hita? Leonsi, unaumwa?"

"Joto likija huku kwetu, linapungua kwenye injini."

Alikuwa sahihi, mshale ulirudi kidogo. Lakini sisi watatu, madirisha yamefungwa, jua la saa saba juu ya bati, na hita inatupulizia miguuni! Mama Anjela alivua kitambaa cha kichwa, akakikamua jasho. "Nikifa humu," alisema, "mwambieni mume wangu sikuzikwa, nilikaangwa." Tulicheka mpaka tukaishiwa pumzi, na pumzi yenyewe haikuwepo.

Hatukucheka tulipofika. Tulikuwa tumesimama mara nne njiani, na barafu imekuwa maji ya uvuguvugu. Nilisimama mlangoni mwa Nyumba nikawaambia akina mama warudi nyumbani, wengine wakiwa wametembea tangu alfajiri. Mmoja, mtoto wake amelala begani, aliniuliza bila hasira, "Sasa Nesi, na surua nayo tuiambie isubiri?"

Niliporudi Mpanda nilimweleza Padre yote. Alikuwa mtu mwema, lakini alichoka.

"Ijumaa Leonsi anikabidhi funguo," alisema. "Nitatafuta dereva mwingine. Nikikosa, gari lilale."

*

Siku ya pili yake nilikwenda karakana. Fundi alikuwa kwenye shimo, naona kichwa tu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Nesi. Limechemka tena?"

"Limechemka. Na chanjo zimekufa."

Akatoka shimoni, akajifuta mikono. "Nilisema. Rejeta nimeosha, thamostati nimetoa, mpira nimebadili, mkanda nimekaza. Kimebaki kitu kimoja, na hicho kina miguu miwili."

"Fundi, uliwahi kuliona likichemka?"

"Nilione la nini? Mmenisimulia."

"Mimi mgonjwa akiniambia ana homa za jioni, siwezi kumpima asubuhi nikasema ni mzima. Namlaza wodini, nimwone jioni hiyohiyo."

Alinitazama kwa jicho moja. "Unataka kunilaza wodini?"

"Nataka upande gari kesho. Tunakwenda Litapunga."

Sijapata kuona mtu mkubwa anapungua vile. "Nesi, mwanangu," akasema polepole, "unajua mambo yangu na magari."

"Najua. Nitakuletea ndimu."

Alikuja. Tulimweka kwenye kigoda nyuma ya kifuniko cha injini, ndimu iliyokatwa puani, mpini wa jembe mkononi, na Mama Anjela amemshikia ndoo tupu kwa tahadhari. Kilomita za mwanzo alikuwa kijivu. Kisha akaanza kuuliza.

"Geji?"

"Katikati," Leonsi akajibu.

Tukaingia kwenye mchanga, njia inapanda, gari linatambaa.

"Geji?"

"Inapanda, Fundi."

"Gia gani?"

"Ya pili."

Fundi alisogeza shingo akaona mwenyewe. Ilikuwa ya pili kweli. Tulipovuka kilima na kushuka kwenye tambarare, akamwambia Leonsi akimbie. Mshale ukashuka. Akamwambia ageuze, tupande tena kilima kilekile. Ukapanda. Tukashuka, tukakimbia, ukashuka. Mara tatu tulifanya hivyo, na ile ndimu ilikuwa imeanguka chini zamani bila yeye kujua.

"Likikimbia linapoa," alijisemea. "Upepo wa njia unalisaidia. Likitambaa halina msaada. Simama hapa. Usizime."

Akashuka, akaniomba kadi moja ya kliniki. Akaenda mbele ya gari, akaibandika kadi kwenye wavu wa rejeta na kuiachia. Kwa kawaida feni inavuta hewa kwa nguvu, kadi ingeng'ang'ania pale kama imepigwa gundi. Ile kadi ilishikilia kidogo, ikatetemeka, ikateleza mpaka mchangani. Akairudisha. Ikateleza tena.

"Zima," alisema. "Leonsi, kisima kiko wapi? Chukua debe, kalete maji. Mama Anjela, kawaambie wa kijijini tunakuja."

Tukabaki wawili. Alifunua kile kifuniko ndani ya gari, akajilaza kwa tumbo, akaupitisha mkono chini mpaka kwenye feni. Nilimwona akipapasa panga moja, halafu la pili, taratibu, kama mtu anayesoma kwa vidole. Mkono ukasimama. Nikauona uso wake. Ulikuwa uso wa mtu aliyefungua barua na kukuta habari yake mwenyewe.

"Nini, Fundi?"

"Leonsi yuko wapi?"

"Ndiyo kwanza anakwenda. Ulimtuma wewe."

"Sawa," alisema. "Nipe ile spana ndogo."

Alifanya kazi haraka kuliko nilivyowahi kumwona. Alilegeza mkanda, akafungua bolti nne, akaitoa feni, akaigeuza, akaifunga upya. Bolti ya mwisho spana iliteleza, ukingo wa bati ukamchana kiganja. Nikamfunga bandeji, akaniacha nimfunge, macho yako mbali. Leonsi aliporudi na debe kichwani kila kitu kilikuwa mahali pake.

"Umepata, Fundi?"

"Jaza maji. Twende."

Tulipanda kile kilima. Leonsi alikuwa anatazama geji kuliko barabara, ikabidi nimkumbushe. Mshale ulifika katikati, ukakaa. Tukapanda mpaka juu, umekaa. Leonsi akapiga usukani kwa viganja vyote viwili. "Umegoma kupanda! Nesi, umegoma!" Na tulipomchukua Mama Anjela kijijini na kumweleza, alipiga vigelegele mpaka watoto waliokuwa wanasubiri kupimwa wakakimbia. Siku nzima tulifanya kazi kwa furaha. Fundi peke yake alikaa kwenye kivuli cha Nyumba, bandeji mkononi. Nikadhani ni kichefuchefu.

Nasema ukweli, mimi vyuma sivijui. Niliona ameitoa feni akaifunga. Sikujua tofauti ya upande na upande. Leonsi hakuwepo, na Mama Anjela hakuwepo. Fundi angesema ilikuwa bolti imelegea, tungeamini wote, na hadithi ingeishia hapo.

Tuliporudi misheni jioni jua halijazama, Padre alikuwa barazani. Leonsi alimkimbilia. "Padre, limepona! Kilima chote, geji katikati!"

"Basi Fundi umetushinda," Padre akasema. "Ilikuwa nini?"

"Feni," alisema Fundi.

"Imevunjika?"

"Hapana. Ilifungwa kinyume, mbele nyuma. Panga la feni lina mbonyeo kama kijiko. Ule mbonyeo unatakiwa kutazama injini, ndiyo hewa inavutwa. Huu ulitazama rejeta. Ni kama kula uji kwa mgongo wa kijiko. Kinaingia kidogo, lakini hushibi. Wakati wa baridi kidogo kile kilitosha. Joto lilipokuja, hakikutosha."

Padre alikunja uso. "Na ni nani aliyeifunga kinyume?"

Kuku walikuwa wanaparura chini ya baraza. Fundi aliwatazama wale kuku muda mrefu sana.

"Mimi," alisema. "Nilipoitoa ili nitengeneze pampu. Ni mkono huu."

Padre akaanza kucheka, yule Padre wetu alikuwa na kicheko kirefu, lakini Fundi aliinua kile kiganja chenye bandeji.

"Usicheke bado, Padre. Sijamaliza." Akamgeukia Leonsi. "Nilisema unaua gari. Nilisema mbele zako na nyuma yako, na mji mzima umesema baada yangu. Gari nililiua mimi. Wewe ndiye uliyelifikisha na kulirudisha likiwa hivyo. Naomba unisamehe."

Leonsi alishika kofia yake kwa mikono miwili. "Fundi," alisema, "mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuamini. Nikipanda kilima najiuliza, huu mguu wangu una nini?"

Nadhani neno hilo lilimwumiza Fundi kuliko lile bati. Siku iliyofuata alikwenda nyumbani kwa Leonsi na jogoo kwapani, akataka kuyarudia maneno yale mbele ya mke, neno kwa neno. Katikati ya maneno jogoo akamponyoka. Majirani waliokuja kuona kuna nini walimkuta Fundi wa Mpanda nzima amepiga magoti chini ya kichanja cha vyombo, anamwomba jogoo atoke, na mke wa Leonsi amekaa chini anafuta machozi ya kicheko. Mwishowe jogoo alitoka kwa ajili ya mahindi. Walimla siku hiyohiyo, Fundi naye alibakizwa kula.

Mimi nilikuwa na deni langu la unesi. Mtu amechanwa na bati la gari kuukuu, lazima achomwe sindano ya pepopunda. Nilimfuata karakana pamoja na Leonsi na Mama Anjela, sindano kwenye kikasha. Alinieleza kwamba kidonda kimepona, kwamba ana kazi, kwamba damu yake haishiki magonjwa. Leonsi alimshika mkono mmoja, Mama Anjela akamshika mwingine. "Mkono huu haurudii kazi," Mama Anjela akamwambia, "kwa hiyo tulia, tufanye mara moja." Fundi alipiga ukelele ambao stesheni waliusikia. Wengine wakadhani treni imewahi.

Tulirudi Usevya wiki iliyofuata na chanjo nyingine. Leonsi aliendesha, Nyumba ilipita mchanga wa msituni kwa gia ya pili, mbung'o nje, hita imefungwa. Barafu ilifika ngumu, unaweza kuigonga ikalia. Tulichoma watoto mpaka mkono wangu ukafa ganzi. Yule mama aliyeniuliza kuhusu surua alikuwa wa nne kwenye foleni. Alinipa tu mguu wa mwanawe.

*

Usidhani Fundi aligeuka malaika. Wiki mbili baadaye nilimsikia akimfokea dereva wa lori kwamba analitesa gari. Tofauti ni kwamba baada ya kumfokea aliingia shimoni kutazama upya. Na alianzisha jambo moja: kila feni aliyoifunga, aliipaka tone la rangi nyeupe upande unaotazama rejeta. Madereva wa mbali walipouliza ile rangi ni ya nini, alijibu, "Ni ya kunifunga mdomo." Ule msemo wa mkono haurudii kazi aliuacha kwenye magari, ingawa nilisikia bado anautumia nyumbani akitengeneza viti.

Mwalimu wa kwaya alijaribu bahati yake. Akamwambia kwa kuwa sasa anakubali makosa, labda akubali pia kuhusu sauti. Fundi alishangaa kwa dhati. "Sauti yangu ina kosa gani?" Wakamwacha pale kwenye ngoma.

Mwisho wa ile miaka ya sabini nilihamishiwa zahanati ya Mishamo, ambako wakimbizi kutoka Burundi walikuwa wanafyeka pori na kuanza maisha. Vijiji vilikuwa mbali na zahanati, magari hayapo, na mama mwenye uchungu alibebwa kwenye machela mabegani mwa wanaume. Mchana mmoja nilitoka nje nikakuta watu wamezunguka kitu barabarani. Nilimtambua kwa tumbo kabla ya uso. Mvi zilikuwa zimeenea kichwa chote.

"Shikamoo, Fundi!"

"Marahaba, Nesi. Umenenepa, nashukuru."

Alikuwa amefika siku mbili kabla, kwa baiskeli na kwa miguu, kutengeneza mashine ya kusagia. Mashine ilikuwa imepona, lakini hakuondoka. Pamoja na wanaume watatu wa Kirundi, wakielewana kwa Kiswahili kidogo na mikono mingi, alikuwa ameunda kitoroli cha magurudumu mawili ya baiskeli, juu yake kitanda cha kamba kilichokaa kwenye springi, kinachofungwa nyuma ya baiskeli kumvuta mgonjwa. Kilikuwa kizuri kweli. Mama mmoja mjamzito, tumbo la miezi minane, alikuwa amekubali kukijaribu hatua chache.

"Kinanigonga mgongo," alisema aliposhuka.

Mmoja wa wale wanaume alicheka, akasema kwa Kiswahili chake kwamba wanawake wenye mimba hugongwa mgongo na kila kitu, hata godoro. Wengine wakacheka naye. Nikamtazama Fundi. Hakucheka. Alimwuliza yule mama wapi hasa, juu au chini, kwenye shimo au hata pasipo shimo. Akajibiwa. Akavua kofia, akanipa mimi nimshikie, na huyo mzee mwenye mwili ule akapanda akalala chali kwenye kitanda cha kamba, mikono kifuani.

"Nivuteni," alisema. "Mpaka kule mwisho."

Walimvuta. Mimi nilitembea pembeni na kofia yake. Njia nzima watu walitoka mashambani kuona ni nani anapelekwa zahanati katika hali ile, na mwanamke mzee mmoja, jembe begani, alipomwona amelala vile na macho yamefumbwa, akaweka mkono kichwani na kuanza kulia. Fundi akainua kichwa.

"Usilie, mama, sijafa! Napima springi!"

Tulipofika mwisho alishuka polepole, akashika kiuno kwa mikono miwili, akanyoosha mgongo. Wale wanaume walimsubiri aseme.

"Kinagonga," aliwaambia. "Yule mama amesema kweli. Turudini tukifungue."

Akachukua kofia yake kwangu, akaivaa, akashika mpini wa kitoroli mwenyewe, akaanza kukirudisha kulekule walikotoka, kwenye vumbi, akimtafuta yule mama kwa macho.